Ukurasa Alioutia Sahihi

Jumatatu, 2 Januari 1995

Shajara hii nimepewa bure na Geofrey, mwenye duka la mabati pale sokoni. Jina la duka limepigwa chapa juu na chini ya kila ukurasa, nisije nikasahau fadhila. Anagawa shajara, kalenda na kofia kwa yeyote anayepita, na Dodoma nzima inajua anatafuta nini. Anakitaka kiti cha ubunge cha Mwalimu wangu. Nimeichukua hata hivyo. Mimi ni mpiga chapa, karatasi nzuri siiachi.

Mvua hakuna.

Alhamisi, 5 Januari

Mvua hakuna. Mbegu nilizopanda shambani kwangu Miyuji kabla ya Krismasi zimeliwa na panya.

Jumamosi, 7 Januari

Nimekwenda kijijini kwa basi la Mpwapwa kumsomea Mwalimu magazeti, kama ninavyofanya kila baada ya wiki mbili. Niandike mara moja ni nani: Eliakimu Ndahani, mbunge wetu tangu mwaka themanini. Nchi nzima ina Mwalimu wake mmoja, sisi wa huku tuna huyu. Alinifundisha darasa la tatu hadi la saba. Baba alipotaka kunioza nikiwa la sita, ng'ombe wakiwa wameshakubaliwa, Mwalimu alikuja nyumbani kwa baiskeli siku tatu mfululizo, akakaa uani kimya mpaka baba akaona aibu. Hakusema neno. Kwa mtu anayesifika kwa kusema, hilo ndilo ninalomkumbukia zaidi.

Sasa macho yanamwacha. Mtoto wa jicho, yote mawili. Hospitali ya misheni walimwambia aje wamfanyie upasuaji, naye anasema baada ya uchaguzi, kwa kuwa mbunge mwenye bandeji usoni hapigiwi kura. Anaona mwanga na kivuli cha mtu. Maandishi haoni kabisa tangu mwaka jana, na siri hiyo tunaijua watu watatu: yeye, mkewe na mimi.

Mkewe, Mama Loisi, alitupikia ugali wa uwele na mlenda. Kusoma anajua kidogo. Alijifunza kwenye kisomo cha watu wazima, darasa la Mwalimu huyohuyo, lakini anasoma kwa kidole, silabi moja baada ya nyingine. Akianza barua moja, maharage yanaiva. Nilimwambia hivyo, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Soma wewe, Anyesi," akasema. "Mimi nikimsomea anasinzia."

Jumanne, 17 Januari

Manyunyu. Yamelowesha vumbi tu.

Jumamosi, 21 Januari

Leo Mwalimu aliniambia nifungue sanduku la bati lililo chini ya kitanda. Ndani, chini ya mashuka, kuna bendera. Kijani, katikati mstari mweusi wenye kingo za dhahabu. Bendera ya Tanganyika. Mwaka sitini na moja alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mwalimu mpya, na siku ya Uhuru ndiye aliyeipandisha pale shuleni. Mti wa bendera walikuwa wameusimika asubuhi hiyohiyo, ukawa unayumba, ikabidi wanaume wawili waushikilie huku yeye anavuta kamba. Miaka miwili na nusu baadaye ukaja Muungano na bendera ikashushwa. Aliyetumwa kuishusha ni yeye.

"Sikulia," alisema. "Muungano naupenda, na leo naupenda. Lakini mume na mke wakioana kila mmoja anabaki na jina alilopewa na wazazi. Zanzibar ana lake. La kwetu liko wapi?"

Maneno hayo ameyasema bungeni, kanisani, kwenye misiba na minadani. Mwaka juzi, wabunge walipotia sahihi hoja ya kudai serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, sahihi yake ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Mwaka jana chama kikasema basi, na hoja ikazimwa.

Aliipapasa bendera kwa vidole, akaniuliza kama kijani kimepauka. Kimepauka. Nikamwambia hakijapauka.

Jumapili, 22 Januari

Sikwenda kanisani. Nimekaa na shajara hii ya Geofrey, na kuna jambo nitaliandika leo nisije nikaliandika tena.

Mwaka jana, mkutano wa Bunge ulipofanyika hapa Dodoma, mimi na mwenzangu wa ofisini, Evodia, tuliazimwa kutoka ofisi ya mkoa kwenda kupiga chapa Taarifa Rasmi, ile inayoitwa Hansadi. Kazi yake iko hivi. Mbunge anasema, kaseti inanasa, sisi tunapiga chapa. Kisha nakala inarudishwa kwa mbunge aisome na kusahihisha makosa, atie sahihi kila ukurasa, ndipo kitabu kichapwe. Kaseti zinafutwa na kutumika tena.

Siku hoja ya Tanganyika ilipozimwa, wengi waliotia sahihi walinyamaza. Mwalimu alisimama. Nilimsikia kwenye vidude vya masikioni, na vidole vyangu vikapiga:

"Mheshimiwa Spika, hoja imeondoka, sahihi yangu haijaondoka. Niliitia kwa mkono wangu. Anayetaka kuifuta asubiri nife."

Ukumbi ukacheka.

Jioni ile Evodia aliniambia amesikia kwamba watakaoonekana wakaidi majina yao hayatarudi mwaka wa uchaguzi. Sijui alisikia kwa nani, na sikumuuliza. Nilirudi kwenye mashine, nikaupiga upya ukurasa ule bila sentensi hizo tatu. Nikauunganisha vizuri, usingejua kuna kitu kimetoka. Kesho yake nikampelekea.

"Umeisoma?" aliniuliza.

"Nimeisoma, Mwalimu."

"Iko sawa?"

"Iko sawa."

"Nionyeshe pa kutia sahihi."

Nikakishika kidole chake nikakiweka mahali. Akatia sahihi.

Nilijiambia namwokoa. Nikiwa mkweli, nilikuwa na lingine pia: kila mtu ofisini anajua mimi ni mtu wa Ndahani, na akianguka yeye, mimi nani angenibakiza? Niliogopa kwa ajili yake na kwa ajili yangu, na sijui woga upi ulikuwa mwingi.

Jumatano, 1 Februari

Mvua kubwa, hatimaye! Nimepanda upya.

Jumanne, 14 Februari

Mvua imekata. Mtama umechipua na sasa unajikunja.

Jumamosi, 18 Februari

Geofrey amefika kijijini kwa pikapu, na mabati ishirini ya zahanati. Amesema kwa kipaza sauti: "Mzee wetu ana maneno, mimi nina mabati. Chagueni kitakachozuia mvua." Watu wakamtazama, wakaangalia juu. Mvua yenyewe iko wapi? Hata mimi nilicheka.

Huyu naye alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu, madarasa mawili nyuma yangu. Alikuwa akiuza andazi lake wakati wa mapumziko kisha analia njaa. Ujamaa ulipolegea, yeye alikuwa ameshajiandaa zamani.

Mwalimu hana wasiwasi naye. "Mabati watayapokea," alisema, "na kura watanipa mimi. Wananijua sijawahi kugeuza neno langu."

Nilikwenda jikoni kumsaidia Mama Loisi kuosha vyombo visivyohitaji kuoshwa.

Ijumaa, 24 Februari

Jua tu.

Jumamosi, 4 Machi

Leo nimefanya jambo baya kuliko la mwaka jana.

Nilipofika Mwalimu alikuwa ameketi barazani, fimbo magotini, hajagusa chai. Hata shikamoo yangu aliiitikia juujuu.

"Wanasema nimefuta," aliniambia. "Geofrey anapita kila tawi la chama. Anasema Ndahani alisema kwa mdomo, akafuta kwa kalamu. Eti alijidai shujaa mbele ya watu, kisha akaenda nyuma ya mlango kuyaondoa maneno yake kwenye Hansadi."

Sikuwa nimeliwazia hilo hata siku moja. Nilidhani maneno yakitoka kitabuni yametoka duniani. Nilisahau kwamba watu walikuwa wamekaa pale juu kwenye viti vya wageni, wakamsikia, na wakayaleta mpaka huku. Sasa wamekifungua kitabu na hayamo. Na nani mwingine anayerudishiwa nakala asahihishe? Kila mtu anayejua utaratibu wa Hansadi angewaza hivyohivyo. Ningekuwa simjui, hata mimi ningewaza hivyo.

Mwalimu alikuwa nacho kitabu. Kililetwa mwezi wa kumi, kikakaa kabatini, maana nani angemsomea isipokuwa mimi? Akamwambia Mama Loisi akilete. Akanipa.

"Nisomee pale mahali."

Mama Loisi alikuwa amesimama mlangoni, kanga kiunoni. Nikafungua ukurasa. Nikaanza kusoma yaliyokuwepo, na nilipofika pale nilipopaunganisha, mdomo ukaendelea wenyewe. Nikasoma: "Hoja imeondoka, sahihi yangu haijaondoka. Niliitia kwa mkono wangu. Anayetaka kuifuta asubiri nife." Kwa sauti nzuri, bila kukwama, macho yangu yakiwa kwenye karatasi isiyo na maneno hayo.

Mwalimu alivuta pumzi, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Nilijua," alisema. "Basi nitaacha waropoke. Mkutano wa wajumbe wa chama ukifika, nitawaambia wakisome mbele ya kila mtu."

Nilikuwa na nafasi pale. Alikuwa anatafuta kikombe cha chai kwa mkono, na nilikuwa na muda wote huo wa kusema. Nikamsogezea kikombe.

Jumanne, 7 Machi

Mvua.

Jumatano, 8 Machi

Mvua. Kila mtu ofisini anafurahi, isipokuwa mimi.

Jumamosi, 18 Machi

Sikwenda. Nimetuma salamu kwamba naumwa.

Jumamosi, 1 Aprili

Nimekwenda. Nilijiapiza njia nzima kwamba nikishuka tu nasema. Uwele umefika kiunoni, kijiji kizima kiko shambani, Mwalimu kachangamka kama kijana. Anafanya mazoezi ya hotuba. Ameipanga yote kuelekea mahali kitabu kitakaposomwa: ataketi, atanyamaza, ataacha kitabu kiseme. Aliniuliza kama inafaa.

Nikasema inafaa.

Jumapili, 16 Aprili

Pasaka. Kwelea kwelea wameingia Miyuji. Tunapiga madebe tangu kunapambazuka. Afadhali ndege, nawafukuza kwa kelele wanaondoka.

Ijumaa, 28 Aprili

Abeli, katibu wa chama wa wilaya, ameniazima ofisini kwetu nikaandike kumbukumbu za mkutano wa wajumbe kesho kwa hati mkato. Anasema hakuna mwenye kasi kama yangu. Nimejaribu kukataa. Akauliza kwa nini. Nikachukua daftari.

Jumamosi, 29 Aprili

Naandika saa kumi alasiri, nimerudi sasa hivi, mikono bado ina wino.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa shule ileile aliyokuwa akitufundisha. Wajumbe walijaa, wengine wakasimama madirishani. Geofrey alisema kwanza. Alikuwa na adabu, alimpa shikamoo mbele ya watu. Kisha akauliza, polepole, kama kuna ukweli kwamba Mwalimu alisema kwa mdomo akafuta kwa kalamu.

Mwalimu akasimama. Alisimulia bendera, na ule mti uliokuwa unayumba, watu wakacheka. Kisha akasema:

"Wajumbe, mimi ni mtu mzima. Sina mabati. Nilichonacho ni kwamba nikisema neno, kesho mnalikuta palepale. Katibu, Hansadi ofisini kwako unayo. Isome. Kama maneno yangu hayamo, msinipe kura hata moja."

Abeli alikuwa amekuja nacho kitabu. Akavaa miwani, akasoma. Alisoma ukurasa mzima. Nilikuwa mezani pembeni yake, kalamu mkononi, na nikaona jicho lake linafika pale mahali na kupita. Akageuza karatasi.

"Endelea, Katibu," akasema Mwalimu.

"Imekwisha, Mzee. Hapa anaanza mbunge mwingine."

"Hujaruka?"

"Sijaruka."

Mzee mmoja wa mbele, Sila, aliyecheza naye utotoni, alisema, "Msomee tena." Abeli akasoma tena. Nilisikia kuku uani.

Mwalimu aligeuza uso. Hakumgeukia Abeli, wala Geofrey. Aliuelekeza mahali alipojua nimekaa, kwa sababu asubuhi mimi ndiye niliyemshika mkono nikampeleka kwenye kiti na kumwambia nitakuwa pale kushoto. Hakuniona, lakini aliniangalia. Ningesimama wakati ule. Kitu kimoja tu kilitakiwa, kusimama. Miguu haikukataa, wala sikuzimia. Nilikaa tu.

"Nimesikia," akasema Mwalimu. "Tuendelee."

Akakaa. Kiti alikikosa kidogo, akakishika kwa mkono. Na mimi, safari hii, niliandika kila neno.

Jumapili, 30 Aprili

Hakuna.

Jumamosi, 13 Mei

Nimekwenda. Sikubeba magazeti.

Mama Loisi alinikaribisha kama kawaida, akaniwekea kigoda, akaondoka. Mwalimu alikuwa akipukuchua mahindi, kazi inayofanywa bila macho.

"Siku ile uliponisomea," alisema, "ulikuwa unasoma nini?"

"Nilikuwa nasoma kichwani, Mwalimu."

"Ulisoma vizuri."

Nikamwambia yote. Evodia, mashine, kidole chake nilichokiweka mahali. Nililia na nikamwomba radhi, na nilijichukia kwa kulia, kwa sababu mtu akilia ni lazima mwingine ambembeleze. Hakunibembeleza.

"Kwa nini hukunitaja pale, Mwalimu?"

"Ningesema nini? Kwamba sikuona nilichotia sahihi? Wangeniuliza nimetia sahihi mangapi bila kuona, na wangekuwa na haki. Na wewe ungekula wapi?" Alipukuchua gunzi lote, akachukua jingine. "Ungewaacha waliondoe jina langu, Anyesi. Ningelala usingizi. Nilikuwa na kitu kimoja tu katika maisha haya, nacho ni kwamba nilisema. Shule nilizojenga atajenga mwingine. Kile kilikuwa changu."

Jumatatu, 15 Mei

Nimempelekea Abeli barua, nimeandika nilichofanya na kuitia sahihi. Aliisoma akiwa amesimama, akafunga mlango.

"Dada Anyesi, ukileta hii leo, utafukuzwa kazi. Hilo ni lako. Lakini watu watasema mzee amekutuma umbebee lawama. Nani ataamini? Ukurasa una sahihi yake."

"Iweke hivyohivyo kwenye faili."

"Nitaiweka," alisema. Sijui kama ataiweka. Ofisini sijaitwa, na kila mlango ukifunguliwa nadhani ni mimi ninayetafutwa.

Ijumaa, 26 Mei

Nimevuna magunia mawili Miyuji. Mwaka jana yalikuwa matano.

Jumamosi, 10 Juni

Kura za maoni. Geofrey ameshinda kwa mbali. Mwalimu amekuwa wa tatu, nyuma hata ya mtu ambaye hakufika kujinadi. Miaka kumi na mitano ya ubunge imeishia kwenye ubao wa darasa la nne, kwa chaki.

Geofrey alimfuata pale kwenye gari kumuaga. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Mwalimu, nisamehe. Nisingethubutu kusema vile kama nisingeona kwa macho yangu kitabuni. Siku ile ukumbini nilikuwa naomba nionekane mwongo."

Miezi yote hii nimekuwa nikimwita mchuuzi. Alisema ukweli kadiri alivyouona. Mwongo nilikuwa mimi, ninayeandika kwenye karatasi zake.

Jumatano, 21 Juni

Upepo na vumbi. Baridi asubuhi.

Jumamosi, 8 Julai

Nimekwenda tena. Sikuwa na uhakika kama nitafunguliwa mlango, nikabeba magazeti mawili ya kujitetea. Sasa magazeti ni mengi kila wiki, watu wanasema humo wapendavyo.

Mwalimu alinikaribisha. Aliniuliza habari za kazi, nikamwambia bado ninayo. Aliuliza mavuno, nikamwambia. Mwezi ujao watamfanyia upasuaji wa jicho moja kwanza. Kisha akasema, "Haya, nisomee."

Nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Nikasoma ukurasa wa kwanza, habari ndefu ya vyama na wagombea. Nilisoma kwa uangalifu, kila neno lililokuwepo na hakuna lisilokuwepo. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama zamani. Nilipomaliza akanishukuru.

Akanyoosha mkono, nikampa gazeti. Akageukia upande wa jikoni.

"Mama Loisi," aliita. "Njoo unisomee na wewe habari hiyohiyo."

Mama Loisi alikuja akifuta mikono. Hakuniangalia. Akaketi kwenye mkeka, akaliweka gazeti gotini, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. "Wa," akasema. "Wa-go. Wa-go-mbe-a."

Maharage yalikuwa jikoni. Yaliiva, moto ukazima, na bado alikuwa aya ya pili. Mwalimu hakusinzia.